Shajara ya ulanga: wiki sita na jiwe linalochanika kama karatasi

Siku ya 1

Amplifaya imeingia kibandani jana jioni, ya jamaa anayekodisha muziki kwenye harusi. Maelezo yake: "Fundi, inanguruma kidogo halafu inakata fyuzi." Leo nimeifungua. Transista nne za 2N3055 zimepangwa kwenye bati la kupozea joto. Tatu ziko salama. Ya nne, chini yake sikukuta ulanga. Nimekuta kipande cha mfuko wa nailoni kilichokatwa kwa mkasi, kimeyeyuka, katikati kina tundu lenye kingo nyeusi.

Simlaumu sana aliyenitangulia. Siku ukiishiwa vipuri na mteja amekaa kwenye benchi anakutazama, akili inaanza kutafuta njia za panya. Lakini hapa njia haipo. Mwili wa chuma wa 2N3055 ndio kolekta yenyewe, yaani mmoja wa miguu mitatu ya umeme ya transista. Ukiugusisha na bati, na bati limeshikana na boksi, umepeleka umeme wa kolekta kwenye boksi zima. Katikati panatakiwa kitu kinachozuia umeme na kuruhusu joto lipite, na sifa hizo mbili hazipendani. Shaba na aluminiamu zinapitisha vyote viwili. Nailoni inazuia vyote viwili, halafu inayeyuka.

Nimetazama kwenye kopo la vipuri: vipande vya ulanga, sifuri. Dukani vipo, tena si ghali, lakini miaka yote nimeweka ulanga, au maika kama wanavyoita wauza vipuri, bila kujiuliza kwa nini uwe huo na si kitu kingine. Basi mradi umezaliwa: nitautengeneza mwenyewe kutoka kwenye jiwe, niupime kila kazi inayopita hapa kibandani, na niandike.

Siku ya 3

Mjomba ameshuka kutoka upande wa Uluguru na fungu alilolifunga kwenye gazeti. Nilimwomba kwa simu, akacheka: "Vile vya kung'aa vya shambani? Watoto wanachezea." Wajerumani hawakuvichezea. Walichimba ulanga milima hiyo tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakausafirisha kwao, na baadaye Waingereza nao wakaendelea.

(Dogo, kijana anayejifunza kazi kwangu, ameuliza kama ndiyo Ulanga ya Mahenge. Hapana, ile ni wilaya. Huu ni ulanga wa jiwe.)

Fungu lina mabamba kumi na moja. Kubwa linatosha kiganja, unene kama daftari la kurasa 64. Kwa nje limechafuka udongo mwekundu. Nimeliosha, nikachomeka ncha ya sindano pembeni, nikaingiza wembe, nikadondosha tone la maji kwenye mwanya. Likaachana lenyewe kwa mlio mdogo, kama mtu anayefungua bahasha taratibu. Ndani ni kioo, rangi ya chai ya rangi iliyochujwa mara mbili. Nimepasua tena, na tena, hadi nikapata utando ambao nikiupuliza unapepea, na bado haujavunjika.

Siri iko kwenye umbile lake. Ulanga umejengwa kwa matabaka ya silika na aluminiamu yaliyoshikana imara sana kwa upana, lakini kati ya tabaka na tabaka kuna potasiamu peke yake, na ule ni mshiko dhaifu. Kila tabaka lina unene wa kama nanomita 1. Maana yake utando wangu wa milimita 0.05 una matabaka kama 50,000, na hakuna mashine duniani iliyoyasawazisha. Ukichukua kioo cha kawaida ukakisugua hadi unene huo, utabaki na vigae vidogo mkononi.

Kupasua vikiwa na maji si mapambo. Vumbi la ulanga likiingia kwenye mapafu halitoki. Barakoa nimevaa pia.

Siku ya 4

Nimepanga mabamba kwa rangi. Tisa ni meupe au ya rangi ya chai: huu ni muskovaiti, ule ambao zamani Warusi waliweka madirishani badala ya kioo, na jina lake limetokana na Muscovy, jina la zamani la nchi yao. Mawili ni meusi tii, biotaiti, yenye chuma kingi. Hayo nimempa dogo apeleke nyumbani kama pambo, kwa kazi ya umeme hayafai.

Kuna ndugu wa tatu, flogopaiti, rangi ya kaharabu, ambao mjomba hakuleta. Huo unapatikana kwa wingi kusini mwa Madagaska. Potasiamu iko palepale, ila magnesiamu imechukua nafasi ya aluminiamu nyingi, na kwa hiyo unavumilia moto zaidi: muskovaiti unaanza kuharibika kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi, flogopaiti unafika 800 na kuendelea. Kwa kuzuia umeme muskovaiti ndio bora. Ndiyo maana jiko la umeme na kapasita (kifaa cha kulimbikiza chaji ya umeme) havinunui ulanga ule ule.

Siku ya 6

Leo mega, mita ya kupima kama kitu kinazuia umeme. Nimeazima kwa jirani anayesuka mota, ya volti 1,000. Utando wa milimita 0.05, sarafu juu, bati chini. Sindano ya mega imekwenda mwisho wa kipimo na kukaa. Kwa unene huo ulanga safi unatakiwa kuhimili volti 5,000 hivi, kwa sababu tando nyembamba zinavumilia zaidi ya kilovolti 100 kwa milimita. Mega yangu haiwezi hata kuutisha.

Nikapata kiburi. Nikachukua bamba lingine bila kulitazama, nikapasua, nikaweka. Sindano imeshuka, ikacheza, halafu nikasikia *tsk*. Nimeunyanyua kwenye mwanga wa dirisha: kuna doa jeusi dogo kuliko kichwa cha pini, na ubavuni mwake mstari mwembamba kama unywele. Doa ni oksidi ya chuma iliyonaswa ndani jiwe lilipokuwa linaumbika. Ni daraja la umeme lililojificha ndani ya kizuizi.

Sasa naelewa kwa nini wanunuzi wa ulanga wanaupanga kwa usafi na madoa kabla hata ya kuuliza ukubwa. Kati ya mabamba tisa, ninayoweza kuyaamini ni manne.

Siku ya 7

Vipande vya transista. Nimechora umbo la 2N3055 kwenye karatasi, nikalibandika juu ya utando, nikakata kwa mkasi wa kucha, matundu nikatoboa kwa sindano iliyopashwa moto. Vinne vya kwanza vimechanika kwenye matundu. Dawa niliyoipata: toboa kwanza bamba likiwa nene, ndipo upasue. Kila tundu linakuwa limeshapita kwenye tando zote.

Nimefunga transista moja kwenye bati, nikaipa mzigo wa wati 20, kipimajoto kimoja kwenye mwili wake na kingine kwenye bati. Baada ya robo saa tofauti ni nyuzi 22. Nyingi mno. Nikafikiri ulanga wa mjomba ni wa hovyo. Nikafungua, nikapaka grisi nyeupe pande zote mbili, kidogo tu, nikafunga tena. Nyuzi 8.

Jiwe ni lile lile, wati zile zile. Kilichobadilika ni hewa. Bati linaonekana laini kwa jicho lakini lina mabonde, na kwenye kila bonde hewa imekaa inakaba joto. Ulanga wenyewe kwa kupitisha joto si hodari, tuseme ukweli, chuma kinaupita mbali sana. Sifa yake ni kwamba unaweza kuwa mwembamba kiasi hiki na bado ukazuia umeme, na kwenye wembamba huo joto halina safari ndefu. Grisi inamfukuza mwizi aliyebaki.

Amplifaya imerudi kwa mwenyewe. Ile ngurumo haipo.

Siku ya 13

Wiki nzima pasi na majiko, sikugusa mradi. Ila pasi mbili zilikuwa za aina ya zamani, zile ambazo waya wa nikromu, ule unaopata moto, umezungushwa kwenye ubao wa ulanga kisha ukafunikwa na ulanga juu na chini. Nimezitengeneza kwa ulanga wa mjomba. Zinapiga kazi. Hakuna la kueleza zaidi: unashika moto, haushiki umeme, hautoi moshi.

Siku ya 15

Kapasita. Hapa ndipo nilipokuwa napataka tangu mwanzo.

Kabla ya redio kuwa na lampu (vile vioo vya kukuza mawimbi vilivyotangulia transista), mitambo ya kurusha mawimbi ilitumia mitungi ya kioo iliyofunikwa kwa bati kama kapasita, mizito na yenye kuvunjika. William Dubilier wa Marekani akaibadilisha kwa kapasita za ulanga mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi ya mtungi ikaingia kwenye kitu kidogo cha kushika mkononi.

Yangu ni rahisi: utando mmoja wa milimita 0.05, karatasi ya aluminiamu ya jikoni pande zote mbili, eneo linalolaliana sentimita 3 kwa 4. Uwezo wa muskovaiti kulimbikiza chaji ni mara 6 na nusu hivi ya ule wa hewa. Nikapiga hesabu: pikofaradi (kipimo cha uwezo huo) 1,380. Nikapima: 910.

Theluthi nzima imepotea. Nimehesabu upya mara tatu. Nimepima unene tena kwa maikromita, ni ule ule. Dogo akasema labda mita imekufa. Nikapima kapasita mpya ya dukani, mita iko sawa.

Usiku, nikiwa nakula, imenijia: hewa tena. Aluminiamu ya jikoni ina mikunjo. Nikakaa na kalamu: ili kuiba pikofaradi 470 kwenye kapasita yangu, hewa inayohitajika katikati ni mikromita 4 tu kwa jumla. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi na zaidi. Mwizi yule yule wa Siku ya 7, kabadilisha nguo.

Siku ya 16

Nimelaza karatasi kwa kuisugua na mgongo wa kijiko juu ya kioo, nikabana kapasita kati ya vipande viwili vya mbao kwa skrubu nne. 1,190. Bora, lakini haijafika, na nikikaza skrubu moja zaidi namba inapanda, nikilegeza inashuka. Nimetengeneza kapasita ambayo pia ni mizani.

Ndiyo maana viwandani waliacha karatasi ya chuma wakaanza kupaka fedha moja kwa moja juu ya ulanga na kuichoma ishike. Fedha ikishagandamana na jiwe, hewa haina pa kukaa, na namba haitembei. Zile kapasita za rangi ya kahawia iliyoiva tunazokuta kwenye redio za mawasiliano za zamani, "siliva maika", ni hizo. Nimezing'oa nyingi sana maishani nikidhani ni mtindo tu wa enzi hizo.

Siku ya 22

Maikrowevu ya mama mmoja wa mgahawa, inatoa cheche ndani. Upande wa kulia kuna kibao cha kijivu kinachofunika tundu la mawimbi, na kwenye kibao pana doa la mafuta lililoungua hadi kuwa mkaa. Mkaa unapitisha umeme, mawimbi yanaupiga, cheche zinaruka, doa linakua. Mama kauliza kama ni hatari. Nimemwambia aache kupashia samaki bila kufunika.

Kibao hicho nacho ni ulanga, ila si wa kupasua. Ni takataka za ulanga, vipande visivyofaa kwa kazi nyingine, vilivyosagwa na kumwagwa kama karatasi inavyotengenezwa, kisha vikagandishwa kwa gundi ya silikoni inayostahimili moto. Mawimbi ya gigahezi 2.45 yanaupita karibu bila kupoteza kitu, wakati plastiki ingeweza kupata moto na kujikunja.

Nimenunua karatasi kubwa ya aina hiyo, nikakata kwa mkasi. Kabla ya kugusa chochote nimechomoa waya ukutani na kumwaga chaji ya kapasita kubwa ya ndani, ile inayokaa na volti kama 2,000 na kuua fundi aliyesahau. Hilo naliandika kwa sababu dogo anasoma shajara hii.

Karatasi haina alama ya nchi. Ulanga mwingi wa namna hii unaanzia kwenye machimbo ya Jharkhand nchini India au kusini mwa Madagaska, na huko kote imeandikwa, tena kwa ushahidi, kwamba watoto wadogo wanachambua na kuchimba vipande kwenye mashimo pamoja na wazazi wao. Mwaka 2019 shirika la Terre des Hommes la Uholanzi lilitoa ripoti kuhusu Madagaska. Nimelipa, nimekata, nimefunga. Lakini mabaki ya karatasi sikuyatupa, yamo kwenye kopo.

Siku ya 27

Kumrudishia mega jirani kumegeuka darasa. Yeye husuka mota, na ulanga anaujua kwa kuchukia: kwenye komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba inayozunguka na mota, kati ya kipande cha shaba na kingine kuna ulanga, na shaba inaliwa na makaa yanayoigusa kupeleka umeme haraka kuliko ulanga. Baada ya muda ulanga unabaki umesimama juu kama matuta ya barabarani, makaa yanarukaruka, cheche zinaanza. Kwa hiyo anakaa na kipande cha msumeno akiukwangua ushuke chini ya shaba, mfereji mmoja baada ya mwingine. "Huu haulainiki, Fundi. Ukiuacha unakula makaa, ukiukwangua unakula vidole."

Nikamuuliza jenereta kubwa je, kama zile za kituo cha umeme cha Kidatu, za megawati 204 kwa pamoja. Akasema nyaya za mashine za aina hiyo zinavikwa utepe wa ulanga, tabaka juu ya tabaka, halafu zinaingizwa kwenye tangi, hewa inanyonywa yote, ndipo gundi inasukumwa ndani kwa mgandamizo.

"Hewa inanyonywa ya nini?" nimemuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalihisi.

Kwenye maelfu ya volti, kijipovu cha hewa kilichobaki ndani ya kihami kinapasuka cheche ndogondogo mara nyingi kila sekunde, mwaka hadi mwaka. Plastiki au gundi peke yake inaliwa hadi inatoboka. Ulanga hauliwi, au unaliwa polepole mno, cheche inalazimika kuzunguka kila kipande kutafuta njia. Kwa hiyo huko wanafanya yote mawili: wanaifukuza hewa, na kwa ile itakayobaki wanaweka jiwe.

Nilikwenda kurudisha mega nikarudi nayo. Bado ana mota tatu za kusuka, mega hataihitaji hadi Jumatatu.

Siku ya 38

Jaribio la mwisho: uthabiti. Nimejenga kitetemeshi kidogo (saketi inayotoa mawimbi ya redio), transista moja na koili ya mikrohenri 22, nikakiweka karibu na redio ya masafa ya kati ili nisikie masafa yake yanapotembea kapasita ikibadilika. Nimepima kapasita tatu kwa zamu, kila moja nikiipuliza joto la draya ya nywele hadi ipande nyuzi kama 30.

Kauri ya bei rahisi, pikofaradi 1,000: imeanza kilohezi 1,070, imekimbia hadi 1,160. Redio yenye kapasita hiyo ingekuhamisha stesheni mara jua likipiga dirishani.

Siliva maika ya pikofaradi 1,000 niliyoing'oa kwenye redio kuukuu: imesogea nusu kilohezi. Sikioni ni mluzi ulioinama kidogo, basi.

Yangu ya mbao: imeanza 984, ikapanda hadi 996, halafu ilipopoa haikurudi ilipotoka. Mbao imekauka na skrubu zimelegea. Ulanga wangu na wa kiwandani hawatofautiani kitu, nina hakika. Wamenishinda kwenye kuushika.

Siku ya 41

Draya niliyotumia ilikuwa ya dada wa saluni, imekaa hapa wiki nzima kwa sababu ilikuwa haitoi joto sawasawa. Ndani waya wa nikromu umezungushwa kwenye vibao viwili vya ulanga vilivyopandana kama msalaba, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika, waya ukawa unagusana wenyewe. Nilikuwa nimeufunga kwa muda ili nimalize jaribio. Leo nimekata mguu mpya kutoka kwenye bamba la nne la mjomba, lile safi kuliko yote, nikaona uchungu kulikata, nikalikata.

Kaja mwenyewe saa kumi. Ameishika, akasema ina moto kama vile ilikuwa inatumika. Nimemwambia nilikuwa naipima. Ni kweli. Elfu tano.